Mama Funguo na Milango ya Kiwanda cha Sabuni

Wifi yangu alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wengi. Akifika nyumbani kwa mtu, aliushika mlango kabla hajamshika mwenyeji mkono. Alikigeuza kitasa taratibu, akatega sikio, ndipo akaamkia. Watu walimtazama kwa jicho la pembeni, maana nani anapenda fundi wa kufuli auchunguze mlango wake bila kuitwa? Mtaani walimwita Mama Funguo, ingawa hakujaliwa kupata mtoto na mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Ufundi aliurithi kwa baba yake. Mama yao alifariki mume wangu akiwa bado ananyonya, na dada mtu ndiye aliyemlea mdogo wake, akimbeba mgongoni huku akipiga tupa. Mimi nilipoolewa nilimkuta mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, vidole vyeusi kwa mafuta ya mashine. Harusi haijapoa akaniweka nyuma ya kaunta ya duka lake.

"Wifi," aliniambia, "mtu akikuletea ufunguo umchongee mwingine, usiutazame ufunguo kwanza. Mtazame yeye."

Na yeye aliwatazama kwelikweli. Nyumba ni ya nani? Mwenyewe yuko wapi? Mbona hakuja? Bwana mmoja aliyevaa suti alitaka nakala ya ufunguo wa kabati la mkewe. Wifi akamwambia, "Njoo naye, baba, nitawachongea mbele ya wote wawili." Yule bwana hakurudi mpaka leo. Bure haikuwa katika msamiati wake. Shangazi yake wa damu alifungiwa kitasa na akalipa kama mtu baki.

Kwa hiyo ilipojulikana kwamba Mama Funguo anafanya kazi bure kwa wakimbizi wa kiwanda cha sabuni, mtaa mzima ulikunja uso.

Vita vilikuwa upande wa pili wa mpaka. Watu walivuka kwa miguu, kwa malori, kwa baiskeli zilizobeba magodoro, wakawekwa katika kiwanda kilichofungwa zamani. Ofisi za juu na maghala ya chini yaligawanywa vyumba. Mvua ikinyesha, sakafu ya maghala ilitoa povu jembamba na watu waliteleza. Milango ilikuwepo, lakini vitasa vilikuwa vimeng'olewa na wezi wa vyuma. Palibaki matundu ambayo mtu angeweza kupitisha mkono.

Wifi alikwenda pale mara ya kwanza kwa kazi ya kulipwa. Msimamizi wa kambi, bwana mnene mpole aliyependa kufuta miwani kwa tai yake, alimwita afungue stoo iliyokwama. Alipomaliza akapita kwenye ukumbi mrefu wa juu akaona jambo lililomshangaza. Ilikuwa mchana, lakini katika chumba baada ya chumba wanawake walikuwa wameketi sakafuni, migongo imeegemea milango. Kwenye chumba cha mwisho alimkuta mama kijana mwenye watoto pacha mapajani, macho mekundu kama pilipili.

"Mbona hulali, mwanangu?" wifi alimwuliza kupitia kwenye tundu.

"Nikilala nitateleza," yule mama alijibu. "Nikiteleza mlango utafunguka."

Alirudi dukani, akafukua sanduku la vitasa vibovu, akaketi navyo mpaka jua likazama. Kesho yake akavipeleka.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake. Akifunga duka jioni anakwenda kiwandani. Jumapili yuko kiwandani. Mteja akibadilisha kitasa, wifi anamwuliza, "Hiki cha zamani unakifanyia nini?" Nyumba ikibomolewa mahali, anakuwa wa kwanza kufika na bisibisi. Alivifungua vitasa vile kimoja kimoja, akavisafisha kwa mafuta ya taa, akabadilisha springi, kisha akavifunga kila kimoja na funguo zake kwa waya. Mume wangu alikuwa na pikapu ya kubebea mizigo, naye akawa anampeleka.

"Dada amepata mchumba huko," alitutania. "Mtu hawezi kupendezwa na matundu ya milango kiasi hicho."

Tulicheka. Lakini wengine hawakuwa wanatania. Jirani yetu fundi viatu, ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko sindano yake, alikuja kuegemea kaunta yetu.

"Shemeji, nikuulize. Mtu anayemlipisha shangazi yake, leo anawafungia vitasa watu asiowajua. Anapata nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimemwuliza. Ameniambia nishone viatu." Akainama karibu. "Mimi nadhani kila chumba pale ana ufunguo wake. Vyumba vyote. Fikiria."

Wakati ule nilimpuuza, lakini maneno yake yaliniganda. Na hakuwa peke yake. Wengine mtaani waliuliza wakimbizi wana nini cha kufungia, kama si silaha. Askari kanzu alikuja siku moja, akajifanya anataka kufuli la geti, akauliza maswali mengi yasiyohusu geti. Hata kule kiwandani hawakumkunjulia moyo. Walimshukuru, ndiyo, lakini akimaliza tu kufunga kitasa walimnyooshea mkono: lete funguo. Zote. Kisha walimpekua kwa macho kuanzia kilemba mpaka viatu.

Mama Pacha, ndivyo tulivyomwita yule mama wa chumba cha mwisho, alinieleza sababu baadaye sana. Kwao wanajeshi hawakuvunja mlango hata mmoja. Walikuja na mtunza jengo, mtu aliyewapandishia maji kila asubuhi na kuwabebea watoto ngazi. Yeye ndiye aliyekuwa na funguo za akiba. Alifungua mlango mmoja, akafungua wa pili, huku akisema samahani. Mama Pacha alipona kwa sababu alikuwa juu ya paa akianua nguo, na watoto amewafunga mgongoni na kifuani.

Basi wizi ulipoanza kiwandani, kila mtu alijua wapi pa kutazama.

Ilianza na blanketi. Kisha redio. Kisha makopo ya maziwa ya watoto, na mwishowe cherehani ambayo Mama Pacha alipewa msaada na akaanza kupatia riziki. Vitu viliondoka mchana, wakati watu wako kwenye foleni ya chakula. Hakuna mlango uliovunjwa wala kitasa kilichokwaruzwa. Mwizi alifungua, akachukua, akafunga tena kwa adabu.

Msimamizi alimwita wifi ofisini, nami nilikuwepo kwa sababu tulikuwa tumepeleka skrubu. Bwana yule alifuta miwani muda mrefu.

"Mama, sikutuhumu," alianza.

"Unanituhumu. Endelea."

"Funguo zimechongwa. Anayejua kuchonga ni wewe."

"Ningekuwa mimi ningevunja," wifi alisema. "Mtu mwenye ufunguo na akili huvunja mlango, ili asishukiwe mwenye ufunguo."

Msimamizi akavaa miwani. "Hayo ndiyo ambayo mwizi mwenye akili angesema."

"Kweli," wifi akakubali, na nusura acheke. "Hata mimi nisingeniamini."

Akaambiwa asifike tena kiwandani mpaka uchunguzi uishe. Tulipotoka, wanawake walikuwa wamejipanga ukumbini kimya. Mama Pacha alisimama mlangoni kwake, watoto wamemshika sketi. Wifi alipompita alisema, "Mwanangu." Yule hakuitika.

Siku zilizofuata nilianza kumchunguza wifi yangu. Nilitaka sana kutomchunguza, lakini jicho likishaanza halina adabu. Nikaona mambo. Kopo la funguo ghafi, zile ambazo hazijachongwa, lilipungua kuliko kazi zilizoingia. Mashine ya kuchongea niliifagia mimi kila jioni kabla ya kufunga, na asubuhi nyingine niliikuta ina unga wa shaba, mwembamba, wa manjano. Nilimwuliza kwa mbali kama alirudi dukani. "Kufanya nini?" alinijibu, macho kwenye tupa. Jibu lile halikuwa ndiyo wala siyo.

Nikawa napiga hesabu zangu kimoyomoyo. Duka lina funguo tatu. Mmoja wake, mmoja wangu, mmoja wa mume wangu, kwa kuwa mizigo ya wateja wake ililala chumba cha nyuma. Nilipofika hapo katika mawazo, nilirudi nyuma kama mtu aliyekanyaga moto. Nikashika tena njia ya wifi.

Jumamosi niliketi uani kufua. Nilitia shati la mume wangu la kazi katika beseni jeupe, nikalikamua, nikalitoa ili nibadilishe maji. Chini ya beseni palikuwa na mchanga. Niliutazama vizuri. Ulikuwa unang'aa. Niliusugua kati ya vidole, nao ulikuwa mkali na wa manjano, unga uleule wa mashine, umetoka kwenye mikunjo ya mikono ya shati la mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuchonga ufunguo. Au ndivyo alivyotuambia.

Nilipiga moyo konde nikaenda dukani. Wifi alikuwa peke yake. Nilimweleza habari ya shati. Hakushtuka. Hilo ndilo lililoniogopesha.

"Maji umeyamwaga?" aliuliza.

"Bado."

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

Alipitisha kidole juu ya meno ya ufunguo aliokuwa ameushika, mbele na nyuma. Sikujua kama anatafuta namna ya kumkamata mdogo wake au ya kumficha, na sasa nilijikuta nikiwashuku wote wawili, nikiwa nimesimama katikati ya dada na kaka kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Mwite," alisema hatimaye.

Mume wangu alikuja akipiga mluzi. Alipoona duka limefungwa nusu, na mimi nimeketi badala ya kusimama kaunta, mluzi ulikatika.

"Cherehani iko wapi?" dada yake alimwuliza.

"Cherehani gani?"

"Usinifanye mtoto. Mtoto ulikuwa wewe, na nilikubeba mimi."

Alikana. Kisha akacheka. Dada yake akamtajia unga wa shaba ndani ya beseni la kufulia. Kisha akanitazama mimi kwa jicho ambalo sijalisahau, akajua nani amefua shati. Ndipo akaketi juu ya kigoda akaanza kusema kwa hasira, kama vile yeye ndiye aliyeibiwa. Watu wale wanapewa kila kitu, alisema. Malori yanaingia kila wiki. Yeye damu yake, yeye aliyechoma mafuta ya pikapu kwa ajili yao, nani amempa hata ahsante? Funguo zilikuwa ndani ya gari lake, zimefungwa kwa waya, kila safari, na zile ambazo dada alizuiwa kuzipeleka bado zilikuwa humo. Alichukua mmoja mmoja, akachonga pacha wake, akarudisha. Kwani ni nani angekufa?

"Twende," wifi akasema.

"Wapi?"

"Kiwandani. Au niende mimi na polisi. Chagua."

Alikubali kwa shingo upande, na nafikiri aliamini kwamba dada yake anakwenda kumwombea. Maisha yake yote alikuwa amemwombea: kwa walimu, kwa wenye maduka, kwa baba yao. Tulibanana watatu kwenye kiti cha mbele cha pikapu yake, mimi katikati.

Pale uani watu walikuwa wanaosha vyombo. Walipomwona Mama Funguo waliacha, wakasogea. Msimamizi alitoka ofisini mbio, tai begani. Wifi hakumngoja. Alimshika mdogo wake mkono juu ya kiwiko, akamsimamisha mbele yao.

"Mwizi wenu ni huyu," alisema. "Ni mdogo wangu, tumbo moja. Funguo zimechongwa dukani kwangu, kwa mashine yangu. Vilivyobaki viko chumba cha nyuma cha duka, katikati ya mizigo yake. Vilivyouzwa, mwulizeni aliwauzia akina nani."

Nilitegemea kelele. Hakukuwa na kelele. Walimtazama mume wangu kidogo tu, kama mtu atazamavyo kitu alichokuwa anakijua. Kisha macho yote yakarudi kwa wifi. Mama Pacha akajipenyeza mbele.

"Wewe ulijua tangu lini?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalo mimi pia.

"Nilianza kushuku iliposemwa kwamba mlango ulifungwa tena," wifi alijibu. "Mwizi wa kawaida hafungi. Huyu nimemfundisha mimi tangu mdogo, usiache mlango wazi."

"Kabla ya cherehani yangu, basi."

"Kabla ya cherehani yako."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Nilikuwa naomba awe mtu mwingine."

Mama Pacha alitikisa kichwa polepole. Sikuona chuki usoni mwake. Aliangalia kama mtu aliyethibitisha jambo. "Hata yule wa kwetu alituomba samahani," alisema. "Ng'oa vitasa vyako."

Wifi aliving'oa. Si vyote, maana wengine walikataa, lakini vingi. Mimi nilimshikia bisibisi. Mume wangu alikuwa ameshachukuliwa na polisi, na wifi alipanda ngazi na kushuka na mfuko wa vyuma bila kumwangalia mtu. Alipofika chumba cha mwisho alitoa kitasa, akapangusa vumbi la mbao kwa kiganja, akaondoka.

Mume wangu alifungwa. Ukoo uligawanyika. Shangazi yule aliyelipishwa alisema wazi kwamba mwanamke anayemtoa mdogo wake mbele ya wageni ana lake jambo, pengine anataka nyumba ya baba yao iwe yake. Fundi viatu naye alibadilisha wimbo: sasa alisema walikuwa wanashirikiana, wakagombana kwenye kugawana. Wateja walipungua. Tulikaa dukani wifi na mimi, tukiwa tumepeana migongo, hatuulizani kitu.

Asubuhi moja mlango ulitiwa kivuli. Ni Mama Pacha, na kitasa kimoja mkononi, kile ambacho jirani yake hakukubali king'olewe, na sasa amemwazima. Hakusalimu.

"Kifungue," alimwambia wifi. "Nataka kuona ndani kinavyofanya kazi."

Wifi alikifungua. Alimwaga kwenye kitambaa springi na vile vipini vidogo vya shaba vinavyopanda na kushuka ufunguo ukiingia.

"Ukivibadilisha nafasi," alisema, "ufunguo wa zamani haufungui tena. Unachonga mpya unaofuata mpango wako."

"Na wewe hutajua mpango wangu."

"Nisipoona, sitajua."

"Basi geuka."

Wifi yangu, ambaye hakuna mteja aliyewahi kumwamuru katika duka lake, aligeuka akatazama ukuta. Mimi nikageuka pia. Nyuma yetu tulisikia vipini vikianguka, vikiokotwa, vikianguka tena. Yule mama alitukana kwa lugha ya kwao. "Anza na kifupi," wifi aliuambia ukuta.

Ndivyo kazi ilivyoanza upya. Msimamizi aliruhusu kwa masharti, na masharti waliyaweka wanawake wenyewe. Vitasa vilimwagwa juu ya meza ndefu katika ghala la chini, wao wakiwa ndani, mlango umerudishwa. Wifi alikaa nje juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, uso umeelekea ukutani, na maswali alirushiwa kupitia mlangoni, naye akayajibu. Springi inaruka. Ifungulie ndani ya kitambaa. Ufunguo unaingia hautoki. Umechonga jino moja kupita kiasi. Mtu aliyepita bila kujua angedhani bibi mmoja amepandwa na wazimu anazungumza na matofali. Alifanya hivyo kwa miaka, mpaka kila chumba kilikuwa na kitasa ambacho yeye mwenyewe asingeweza kukifungua bila kuvunja.

Nilimwuliza mara moja kama haimchomi kufanywa mshukiwa kila siku.

"Wana haki," alisema. "Mimi ningekuwa wao nisingeniruhusu hata kukaa pale nje."

Mume wangu alipotoka alirudi kwangu, akiwa mtu wa maneno machache. Dada yake alimpikia, akamfulia, akamtafutia kazi ya kupakia mizigo. Dukani hakuingia tena. Alikaa kizingitini, na wifi alimpitishia chai hapohapo. Mimi na mume wangu tumezeeka pamoja, ingawa mpaka leo nafua nguo zake na kuyatazama maji.

Wifi alifariki kwa ugonjwa wa moyo, mchana, kwenye kiti chake cha kazi. Vita vilikuwa vimekwisha zamani na wengi wa kiwandani walikuwa wamerudi kwao, lakini Mama Pacha alibaki. Alikuwa amefungua kibanda chake cha kufuli upande wa pili wa soko, na sitaficha, wateja wetu wazuri alitunyang'anya. Alikuja msibani na wanawake wengine, wakaketi karibu na ukuta.

"Hawa wanatafuta nini?" shangazi alininong'oneza. "Hakikisha chumba cha marehemu kimefungwa."

Nilikwenda kuwapelekea chai. Mama Pacha aliipokea, akaniuliza mashine itakuwa ya nani. Shangazi alinitazama kutoka mbali: unaona? Nikamwambia itabaki kwangu. "Vizuri," alisema. "Ule mkono wa kushoto wa mashine umelegea, marehemu alikuwa anaushindilia karatasi. Nitakuja kuukaza." Alikuja wiki iliyofuata, akaukaza, hakutaka malipo. Mume wangu alimtazama tangu mwanzo mpaka mwisho akiwa kizingitini, na yeye alimtazama mume wangu, na mimi niliwatazama wote wawili.

Alipoondoka mume wangu aliniuliza swali ambalo nadhani alikaa nalo gerezani na baadaye.

"Usingeliona shati, dada angenisema?"

Nilimwambia angemsema. Akaomba chai nyingine. Mimi mwenyewe baadhi ya siku naamini angemsema. Siku nyingine namwona ameketi na ule ufunguo, kidole kinapita mbele na nyuma, na sina hakika.